Silabi na Mkazo katika Vivumishi Ambatani vya Kiingereza

Walimu na watafsiri mara nyingi hulazimika kutamka maneno ya Kiingereza mbele ya wasikilizaji. Miongoni mwa yanayotatiza ni vivumishi ambatani, yaani vivumishi vilivyoundwa kwa maneno mawili, ambavyo aghalabu huandikwa kwa kistari katikati. Makala haya yanakusudia kueleza kwa muhtasari mgawanyo wa silabi zake na mahali pa mkazo.

Katika Kiswahili mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache ya mkopo. Hata neno ambatani hufuata kanuni hiyo: "mwanasheria" lina silabi tano, mwa-na-she-ri-a, na mkazo wake u katika "ri". Tukiihamishia kanuni hii katika Kiingereza tutapotoka mara mbili.

Kwanza, silabi za Kiingereza huhesabiwa kwa sikio, si kwa herufi. Kivumishi "old-fashioned", yaani -a kizamani, kina silabi tatu tu, kwa kuwa irabu ya "-ed" haitamkwi. "Short-sighted", yaani asiyeona mbali, nacho kina silabi tatu, lakini hapa "-ed" ni silabi kamili, kwa sababu imefuata sauti ya t. Ndivyo iwavyo pia baada ya d. Atamkaye "oldifashonedi" ameongeza silabi tatu, na mkazo wake umeangukia irabu ambayo Mwingereza haitamki kabisa.

Pili, mkazo waweza kuhama. Tuchukue "second-hand", yaani -a mtumba. Kikiwa mwishoni mwa sentensi, mkazo mkuu huwa katika "hand". Kikitangulia nomino kama "clothes", mkazo hurudi nyuma katika silabi ya kwanza, kwa kuwa Kiingereza hukwepa mikazo miwili mizito iliyopakana. Lakini "homesick" na "waterproof", ambavyo sehemu yake ya kwanza ni nomino, huwa na mkazo mwanzoni popote viwapo.

Hivyo basi, twashauri kamusi itazamwe kabla ya kutamka. Kamusi nyingi za Kiingereza huweka alama ndogo ya wima, juu, kabla ya silabi yenye mkazo mkuu, na nyingine chini kwa mkazo mdogo. Wapiga chapa nao, wakilazimika kulikata neno la namna hii mwishoni mwa mstari, walikate penye kistari chake, wala wasilikate kwa silabi za Kiswahili.