Je, Wajua? Baridi ya Julai Chyulu

Je, wajua kwamba Ukambani, kunakosifika kwa jua kali toka Kitui hadi Makueni, familia ikilala garini juu ya vilima vya Chyulu mwezi Julai itatetemeka? Kilele kinakaribia mita 2,200, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Bebeni maji: mvua ya huko huzama kwenye miamba ya volkeno, ikaibukia chemchemi za Mzima zinazoinywesha Mombasa. Na tafadhali, msiingize jiko la makaa garini, hata likibaki kaa moja. Hewa yake ya kaboni monoksidi haina harufu, nayo huua watu usingizini. Vaeni sweta na soksi, watoto walale katikati, dirisha liachwe wazi kidogo.