Nani Hulipia Mkutano wa Madaktari?

Ada za wanachama peke yake ni nadra kutosha kuendesha mkutano wa kitaaluma. Ukumbi, malazi, chakula na nauli za wazungumzaji hudai fedha nyingi, na pengo hilo mara nyingi huzibwa na makampuni ya dawa na vifaa tiba. Makampuni hayo hupewa meza za maonesho, nembo zao hupamba mabango, na wakati mwingine hutengewa kipindi katika ratiba.

Msaada huo una manufaa. Bila ya huo, wataalamu wengi wa hospitali za pembezoni wasingepata fursa ya kujifunza mbinu mpya. Hata hivyo, lipo swali lisilokwepeka: je, ukarimu wa mfadhili hauongozi kalamu ya daktari?

Mwaka 1992, watafiti wa Cleveland, Marekani, walichapisha uchunguzi kuhusu madaktari waliogharamiwa kila kitu na makampuni ya dawa ili wahudhurie makongamano katika maeneo ya mapumziko. Kabla ya kusafiri, wengi wao walisema kwamba safari hiyo isingeathiri maamuzi yao. Waliporejea, matumizi ya dawa mbili zilizohusika yaliongezeka hospitalini kwa zaidi ya maradufu. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi; na uliojaa hukumbukwa hata pasipo mhusika kutambua.

Gharama ya kumbukumbu hiyo humwangukia mgonjwa, pale anapoandikiwa dawa ghali ilhali ipo ya bei nafuu inayotibu vilevile.

Dawa ya tatizo hili si kuwafukuza wafadhili. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1988 vinataka ufadhili utangazwe mapema na takrima iwe ya kiasi. Barani Ulaya, tangu Januari 2018, makampuni yaliyo chini ya chama cha MedTech Europe hayamlipii tena mtaalamu mmoja mmoja kuhudhuria mikutano ya vyama. Hutoa ruzuku kwa taasisi, nayo huchagua wa kumpeleka.

Vyama vya kitaaluma vinaweza kufuata njia hiyo: fedha ziingie mfuko wa pamoja, mada zichaguliwe na kamati isiyo na mfadhili ndani yake, na kila mzungumzaji ataje maslahi yake kabla ya kufungua kinywa.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kwa adabu: “Daktari, ipo dawa nyingine ya bei nafuu inayofanya kazi hiyohiyo?” Daktari asiyedaiwa fadhila na mtu hatasita kumjibu.