Samaki wa Ziwa Sagara

Ndugu wa Ntalikwa anunuaye samaki wakavu mjini Tabora yafaa ajue habari za Sagara. Ziwa hilo hulishwa na mto Ugalla, na maji yake huingia Malagarasi, mto uliovukwa zamani na misafara ya Ujiji. Masika mbuga hufurika. Kambare hupanda majanini kutaga mayai, na vitoto vya perege hujificha humo. Kiangazi Ugalla hukatika, samaki wakabanwa madimbwini. Hapo kokoro huzoa mzazi na mtoto pamoja, ambapo mwenye ndoana hupata wachache, tena wakubwa. Tangu mwaka 2000 bonde hilo limo katika Mkataba wa Ramsar. Lakini mkataba haupimi matundu ya nyavu. Wavuvi wayapime, nasi wanunuzi tuyakatae mafungu ya vitoto vya perege.