Je, Wajua? Mkalimani Mmoja wa Lugha ya Alama Hatoshi

Je, wajua kwamba akili ya mkalimani huchoka kabla mwenyewe hajatambua? Mwaka 1998 Barbara Moser-Mercer na wenzake wa Geneva walichapisha utafiti juu ya wakalimani wa lugha za kusemwa. Zamu ilipovuka nusu saa makosa yaliongezeka, lakini wakalimani waliendelea kuamini kwamba kazi yao ni nzuri. Wakalimani wa lugha ya alama nao hupokezana, kwa kawaida kila dakika 20 hivi.

Aliye nje ya zamu hakai bure. Humtazama mwenzake, na jina au tarakimu ikimpita, humwonyesha upesi.

Kumsindikiza kiziwi zahanati kwa dakika 10, mmoja atamudu. Lakini fikiria mkutano wa kijiji huko Robanda, katika nchi ya Waikoma jirani na Hifadhi ya Serengeti, ajenda ikiwa tembo walioingia mashambani. Watu wanadakizana, Kiswahili kinachanganyika na Kiikoma, zinatajwa ekari, tarehe na masharti ya kifuta jasho. Mkulima kiziwi aliyeliwa mahindi yake ana haki ya kupata yote hayo, mpaka neno la mwisho la kikao. Hapo wawili ndio kiwango cha chini, na mmoja wao awe anakijua Kiikoma.

Na je, wajua kwamba mkalimani naye anaweza kuwa kiziwi? Shule ya Viziwi Tabora ilianza 1963, lakini wapo viziwi wa vijijini waliokua bila kufika shule yoyote. Hawa hawakufundishwa Lugha ya Alama ya Tanzania. Wana ishara walizozizoea na ndugu zao nyumbani. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inamruhusu shahidi asiyeweza kusema ajieleze kwa maandishi au kwa ishara. Sasa mtu wa namna hiyo akisimama kizimbani mjini Mugumu, nani atamwelewa? Mkalimani anayesikia hugeuza Kiswahili cha hakimu kuwa lugha ya alama; mkalimani kiziwi huichukua hiyo na kuijenga upya kwa ishara, uigizaji, hata mchoro, kisha hurudisha jibu kwa njia ileile. Huchukua muda, na mahakama iutoe. Kumtumia ndugu wa shahidi kama mkalimani pekee ni hatari, maana huenda naye ana maslahi katika shauri.

Tarehe 10 Desemba 2013, katika ibada ya kumkumbuka Nelson Mandela huko Johannesburg, mtu mmoja alisimama peke yake kama mkalimani kando ya viongozi wa dunia akipunga ishara zisizo na maana. Viziwi waliokuwa wakitazama runinga walimgundua papo hapo. Naamini mkalimani wa pili mwenye ujuzi angemgundua kabla hotuba ya kwanza haijaisha.

Kwa mwenyekiti anayepanga viti: mkalimani aliye nje ya zamu akae mbele, akitazamana na mwenzake. Akikaa ubavuni, hawezi kumsaidia.