Kaseti za zamani za video: sauti inakatika wakati wa kuzihamishia kwenye kompyuta, tufanye nini?

Katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Lubumbashi na Kisangani, bado kuna kaseti za VHS ndani ya sanduku ao juu ya kabati. Ndani yake kuna ndoa za wazazi, ubatizo, matanga, nyimbo za kwaya na sherehe za kumaliza masomo. Leo vijana wengi wanataka kuzihamishia kwenye kompyuta ili wazitume kwa ndugu walio mbali, Kinshasa, Nairobi ao Brussels. Picha inapita vizuri, lakini sauti inakatika: neno moja linasikika, la pili linapotea, kisha unakuja mngurumo.

Wengi wanafikiri kaseti imeoza na wanaitupa. Mara nyingi si kweli. Sauti inaweza kuwa bado nzima kwenye utepe, lakini inapotea njiani, kati ya mashine na kompyuta. Kabla ya kutupa kitu, inafaa kujua kwanza inapotelea wapi.

Wakati unatukimbia

VHS ilitolewa na kampuni ya JVC, Japani, mwaka wa 1976. Mashine za kuzichezesha, zile tulizozoea kuita manyetoskopu, hazitengenezwi tena: kampuni ya Funai, ya Japani pia, ilisimamisha kazi hiyo mwezi wa saba 2016. Zilizobaki ni za mitumba, na vipuri vyake vinatolewa kwenye mashine nyingine zilizokufa.

Mwaka wa 2015, hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya kwamba kanda ambazo hazitahamishwa kufikia 2025 zitapotea kwa sehemu kubwa. Mwaka wa 2019, UNESCO ilipiga kengele hiyo hiyo pamoja na IASA, shirika la kimataifa la hifadhi za sauti na picha. Mwaka huo wa 2025 umekwisha kufika.

Kwetu kuna sababu nyingine. Unyevu na vumbi vinaharibu utepe. Mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma na kuteketeza nyumba pamoja na vyote vilivyokuwa ndani. Na jamaa inayokimbia vita haiwezi kubeba sanduku la kaseti, lakini inaweza kubeba kle USB mfukoni.

Swali la kwanza: inakatika pahali gani?

Unganisha manyetoskopu moja kwa moja kwenye televisheni, bila kompyuta, kisha sikiliza dakika tano. Andika kwenye karatasi dakika na sekunde ambapo sauti inakatika. Kisha rekodi dakika hizo hizo mara mbili kwenye kompyuta na ulinganishe.

Kama hata kwenye televisheni sauti inakatika, na kila mara ni pahali pamoja, tatizo ni kaseti ao mashine. Kama televisheni inasikika vizuri, lakini kwenye kompyuta sauti inakatika leo hapa, kesho pale, tatizo ni kompyuta. Na kama televisheni ni sawa, lakini kompyuta inakata kila mara pahali pale pale, mawimbi yanayotoka kwenye utepe ni dhaifu hapo, na kifaa cha kunasia video kinashindwa kuyafuata.

Kaseti moja, njia mbili za sauti

Watu wengi hawajui kwamba kaseti ya VHS inaweza kubeba sauti mara mbili. Njia ya kwanza, ya kawaida, ni mstari mwembamba kwenye ukingo wa juu wa utepe. Inasomwa na kichwa kisichozunguka. Njia ya pili inaitwa Hi-Fi. Hiyo imeandikwa pamoja na picha, na inasomwa na vichwa vilivyo kwenye ngoma ya chuma, inayozunguka mara 25 kwa sekunde katika mifumo ya PAL na SECAM.

Hi-Fi ni safi zaidi, lakini inataka ngoma ifuate alama zake sawasawa. Ikikosa kidogo tu, mashine inaruka kutoka Hi-Fi kwenda sauti ya kawaida na kurudi. Hapo ndipo tunasikia mngurumo na mikato. Dawa ya kwanza ni kitufe cha TRACKING: kigeuze polepole mpaka sauti itulie, hata kama picha inabaki na mistari kidogo. Dawa ya pili ni kuchagua sauti ya kawaida, inayoandikwa NORMAL ao MONO kwenye mashine nyingi. Haina utamu wa Hi-Fi, lakini maneno yote yanasikika.

Kinyume chake pia kinatokea. Ukingo wa utepe ukikunjamana, sauti ya kawaida inaharibika na Hi-Fi inabaki nzima, kama kaseti ilirekodiwa na mashine yenye Hi-Fi. Kwa hiyo jaribu njia zote mbili kabla ya kukata tamaa.

Kabla ya kucheza kaseti iliyolala miaka mingi, peleka utepe mpaka mwisho, kisha uurudishe mwanzo, ili ujipange sawasawa. Tazama kupitia dirisha la kaseti: ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe, huo ni ukungu. Usiicheze, kwa kuwa itachafua vichwa na kaseti zitakazofuata, na vumbi lake si zuri kwa mapafu. Mpe fundi anayejua kusafisha utepe.

Vichwa vichafu pia vinakata sauti. Vinasafishwa na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 ao zaidi, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Kwenye ngoma, shika kitambaa bila kukisogeza na uzungushe ngoma yenyewe kwa mkono. Ukisugua kwenda juu na chini, utavunja vichwa.

Kompyuta inapochelewa

Kunasa video ni kazi isiyosubiri. Kaseti inatembea, na picha 25 zinafika kila sekunde pamoja na sauti yake. Kompyuta ikishughulika na jambo lingine hata nusu sekunde, kipande kinapotea. Kwa hiyo zima intaneti, funga programu zote, simamisha antivirusi kwa muda na uzuie kompyuta isilale.

Chomeka kifaa cha kunasia kwenye USB ya kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio kinachoshirikiwa na maus na diski nyingine. Katika mipangilio ya umeme ya Windows, kataza kompyuta kupumzisha milango ya USB. Angalia pia nafasi: video ya aina ya DV inakula karibu giga 13 kwa saa moja. Usirekodi moja kwa moja kwenye kle USB. Rekodi kwenye diski ya ndani, kisha nakili.

Tazama pia kipimo cha sauti. Programu, kifaa na Windows vyote viwe kwenye hertz 48 000. Kama kimoja kiko kwenye 44 100, sauti inaweza kukwaruza ao kuachana na picha polepole. Katika VirtualDub na OBS Studio, ambazo ni programu za bure, idadi ya picha zilizopotea inaonekana kwenye skrini. Ikipanda, simama na utafute sababu.

Na pale kifaa kinaposhindwa kila mara pahali pamoja, baadhi ya mashine za zamani za kurekodia DVD zinasaidia. Mawimbi yanapita ndani yake kwanza, yananyooshwa, kisha yanaingia kwenye kompyuta.

Umeme

Manyetoskopu haina betri. Umeme ukikatika katikati, utepe unabaki umezungushwa kwenye ngoma. Usiuvute kwa nguvu. Subiri umeme urudi, bonyeza kitufe cha kusimamisha, kisha utoe kaseti. Pale umeme unapoyumba, weka stabilizateri, na ufanye kazi saa ambazo mtaa unatumia umeme kidogo.

Kuziba mashimo

Rekodi mara mbili pahali penye shida. Sauti iliyokosekana mara ya kwanza inaweza kupatikana mara ya pili. Ndani ya Audacity, ambayo pia ni ya bure, kata kipande kizuri na ukiweke kwenye shimo. Kama Hi-Fi ilikatika, chukua kipande hicho kutoka sauti ya kawaida. Chombo cha Audacity cha kurekebisha kelele fupi kinafanya kazi kwenye sampuli 128 tu, yaani chini ya milisekunde 3: kinaondoa mlio mdogo, hakirudishi neno. Neno linarudi kutoka kwenye utepe peke yake.

Kwa hiyo usitupe kaseti baada ya kazi. Isimamishe wima kama kitabu, mbali na jua na unyevu, na uweke nakala ya video pahali pasipopungua patatu, moja kwa ndugu wa mji mwingine. Na kama muda na pesa ni kidogo, anza na kaseti ambazo ndani yake kuna wazee wanaosema: baraka za ndoa, ushauri wa babu, historia ya jamaa. Sura zao labda ziko kwenye albamu ya picha. Sauti zao ziko kwenye utepe huo tu.