Kwa nini basi lako limejaa na mabasi hayajajaa

Msomaji mmoja wa Mbezi, Dar es Salaam, ameniuliza swali ambalo limenikaa kichwani wiki nzima. Alikwenda kwenye mkutano wa mtaa, na mtaalamu aliyeletwa kuzungumzia mahitaji ya usafiri akaeleza kwamba mabasi ya njia yao, kwa wastani, hubeba nusu tu ya watu yanaoweza kuwabeba. Watu wakaguna. "Mimi napanda kila siku," anaandika, "na sikumbuki lini nilikuta siti. Nani anatudanganya?"

Hakuna anayedanganya. Mtaalamu amehesabu sawasawa na abiria wa Mbezi wameona sawasawa, na hata wakirudia kwa mwaka mzima majibu yao hayatakutana. Tangu nilipolielewa jambo hili siwezi kusimama kituoni bila kulifikiria.

Namna tathmini za usafiri zinavyofanyika nitairuka: madodoso ya nyumba kwa nyumba, vijana wanaohesabu magari vituoni, kugawa jiji vipande vipande kwenye ramani. Inatosha kusema kwamba Dar es Salaam ina mpango kabambe wa usafiri wa mwaka 2008, uliopitiwa upya 2018, mara zote mbili kwa msaada wa shirika la Kijapani la JICA. Na kwamba sensa ilihesabu watu 4,364,541 mkoani mwaka 2012, kisha 5,383,728 mwaka 2022. Watu milioni moja zaidi, na wengi wamejenga pembezoni, Chamazi, Kivule, Goba, Bunju, huku kazi zikibaki Kariakoo na Posta. Hayo yanajulikana. Mimi nataka tukae na hesabu moja ndogo, kwa sababu hiyo ikikosewa mwanzoni, yote yanayojengwa juu yake yanakwenda kombo.

Chukua njia yenye mabasi sita kwa saa, na kituo ambacho kila dakika anafika abiria mmoja. Mabasi yakija kila baada ya dakika 10, kila moja linazoa abiria 10. Sasa chukua mabasi yaleyale sita, lakini yanakuja mawili mawili: dakika 19 kimya, linakuja la kwanza, na dakika moja baadaye la pili. La kwanza linabeba watu 19. La pili linabeba mtu mmoja. Karani aliyekaa kituoni anaandika abiria 60, mabasi sita, wastani 10, na hajakosea. Lakini waulize abiria wenyewe. Kati ya hao 60, watu 57 watakwambia basi lao lilikuwa na watu 19. Watatu tu ndio waliopanda basi tupu. Ukichukua wastani wa majibu yao unapata 18.1. Karani ameuliza mabasi na msomaji wangu ameuliza watu, na basi tupu halina watu wa kulitolea ushahidi.

Njia nzuri kuliko zote ya kulishika jambo hili niliipata kwenye mkeka. Mkeka hushonwa kwa kili, zile tepe ndefu zilizosukwa kwa ukindu, ukili mmoja ukiunganishwa na mwenzake kwa mshono. Tuseme msukaji amechanganya: ukili wa vidole vinne, kisha wa kidole kimoja, kisha wa vinne tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukihesabu kili, nusu ni pana na nusu ni nyembamba. Sasa fumba macho udondoshe punje ya mchele. Mara nne kati ya tano itaangukia ukili mpana, kwa sababu punje haihesabu kili, inaangukia palipo na nafasi ya kuangukia. Siku yako ni mkeka huo. Mishono ni mabasi, kili ni muda uliopo kati ya basi na basi, na wewe unayetoka nyumbani dakika yoyote ukishamaliza chai ndiwe punje. Unaposema "kila nikifika kituoni basi limetoka kupita", unaeleza upana wa ukili ulioangukia.

Mkeka una zaidi ya hapo. Mwaga mchele kiganja kizima juu yake, kisha chukua ufagio ufagie kuelekea upande mmoja, lakini kila punje isimame kwenye mshono wa kwanza inaoukuta. Mshono unaofuata ukili mpana utarundikiwa mchele. Unaofuata ukili mwembamba utapata punje za kuhesabika. Ndiyo maana kusubiri sana na kubanana sana ni pacha. Aliyesubiri dakika 18 hatapanda basi lenye nafasi, maana wote waliosubiri pamoja naye wanaelekea kwenye mshono mmoja.

Hapa nahitaji neno, na nimehangaika nalo. Huo muda kati ya basi na linalofuata tuuiteje? Wengine husema "pengo", lakini pengo ni kasoro, ni jino lililong'oka, na muda huu upo hata mambo yakiwa mazuri. Nilifikiria "mpishano", kwa kuwa tunasema watoto wamepishana miaka miwili. Tatizo ni barabara yenyewe: nikiandika kwamba mabasi mawili yamepishana Magomeni, msomaji ataona moja likienda mjini na jingine likirudi. Nimetua kwenye "mwachano". Kina mama husema mtoto huyu na nduguye wameachana miaka mitatu, na makonda husema gari ya mbele tumeachana dakika tano. Najua kuna watakaosikia habari za ndoa. Wavumilie, neno limetoka vinywani mwa watu wa kazi, na lina wingi mzuri, miachano. Na mabasi yanapokuja mawili mawili, konda husema "tumeongozana", kwa hiyo hali hiyo ni mwongozano.

Kwa nini yaongozane wakati kituo cha mwanzo yalitoka vizuri? Nilisimama Buguruni asubuhi moja nikatazama. Daladala moja ilikuja imechelewa kidogo tu, labda ilishikwa na taa. Kituoni walikuwa wamekwisha kusanyika watu. Akapanda mama mwenye ndoo ya dagaa. Konda akasema, "Mama, nipe hiyo ndoo," akaipitisha mbele kwa dereva. Kijana mwingine alitoa noti kubwa, ikatafutwa chenji. "Songa nyuma, nyuma kweupe!" Hakukuwa na weupe wowote. Watu walisongana, mlango ukawa haufungi, konda akagonga bati mara mbili, gari ikaondoka ikiwa imechelewa zaidi kuliko ilivyofika. Kituo cha mbele itakuta watu wengi zaidi tena, kwa sababu imewapa muda wa kukusanyika. Ya nyuma yake ilifika karibu papo hapo, ikakuta mtu mmoja na ikaondoka bila hata kusimama sawasawa. Ya kwanza inazidi kuzama, ya pili inazidi kuwa nyepesi, mpaka zinagusana.

Mwaka 1964 Gordon Newell na Renfrey Potts walilionyesha hili kwa hesabu: ratiba ya mabasi, ikiachwa yenyewe, haitulii. Ni kama ndoo iliyosimamishwa juu ya kichwa bila mkono. Kosa dogo halijisahihishi, linakua.

Sasa turudi kwenye mahitaji ya jiji. Kanuni ya kusubiri ni hii: zidisha kila mwachano kwa wenyewe, jumlisha, kisha gawanya kwa mara mbili ya muda wote. Mabasi sita yaliyoachana dakika 10 sawasawa yanakupa wastani wa kusubiri dakika 5. Sita yaleyale, kwa mwongozano wa 19 na moja, yanakupa dakika 9.05. Tuseme mji umeona foleni vituoni, ukakopa, ukanunua mabasi mengine sita. Sasa ni 12, lakini mwongozano uko palepale, miachano ni dakika tisa na dakika moja. Kusubiri kunakuwa dakika 4.1. Umelipa mabasi mara mbili ili upate karibu dakika moja pungufu kuliko yale sita ya mwanzo yangekupa kama yangepangiliwa. Naamini hii ndiyo namba ya kwanza ambayo tathmini yoyote ingepaswa kuichapa, kabla ya idadi ya magari na kabla ya wastani wa abiria.

Inawezekana kupanga miachano bila ofisi kubwa. Mwaka 2000 wanafizikia wawili wa Ucheki, Milan Krbálek na Petr Šeba, waliandika juu ya mabasi ya mji wa Cuernavaca, Meksiko, ambako hakukuwa na ratiba wala kampuni moja, kila dereva akijitafutia riziki kama wetu wa daladala. Madereva walikuwa wakiwalipa watu wakae njiani wakiandika dakika ambayo kila gari limepita. Dereva akiambiwa aliyetangulia ametoka sasa hivi, anapunguza mwendo abiria wakusanyike. Akiambiwa ametoka zamani, anakanyaga mafuta kabla wa nyuma hajamfikia. Wanafizikia hao walipochora miachano ya mabasi hayo walipata umbo la ukoo mmoja na lile linaloonekana kwenye viwango vya nishati vya kiini cha atomu nzito, ambavyo navyo hukwepana visikaribiane mno. Madereva waliokuwa wakigombania nauli, na chembe ndani ya urani, hesabu za ukoo mmoja! Nimelisoma mara nyingi na bado linanisisimua.

Hapa kwetu, mradi wa mabasi ya Mwendokasi, ulioanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, una dawa yake ndani ya ujenzi. Ulibuniwa ili nauli ilipwe kabla ya kufika jukwaani, jukwaa liwe usawa wa sakafu ya basi, na watu waingie kwa milango kadhaa. Kila abiria anakula sekunde chache, kwa hiyo basi lililochelewa halizami haraka. Sekunde hizo zikiongezwa kwa uzembe, tiketi zikikatwa mlangoni au mlango mmoja usifunguke, ugonjwa unarudi.

Yuko mmoja ambaye hayumo kwenye daftari la karani wala kwenye jibu la abiria. Ni yule aliyefika kituoni, akasubiri dakika 15, akaita bodaboda. Au aliyeacha kazi ya Mikocheni kwa kuwa kutoka Chamazi haiwezekani kufika saa moja. Huyo ndiye mahitaji ya kesho. Jijini Nairobi, mradi wa Digital Matatus uliwatuma wanafunzi kupanda matatu wakiwa na simu, na mwaka 2014 ramani ya njia zaidi ya 130 ikatolewa; mtu akaweza kuona kwenye karatasi wapi njia hazifiki. Hapo ndipo huyo asiyehesabiwa anapoanza kuonekana.

Wewe wa Mbezi, fanya hivi Jumatatu. Nenda kituoni saa kumi na mbili na nusu na daftari, ukae saa mbili. Andika dakika ya kila basi lililosimama, na pembeni yake idadi ya waliopanda. Usijumlishe mabasi. Zidisha kila mwachano kwa wenyewe, halafu mpelekee mtaalamu ukurasa huo.