Kocha wa mtaa wenu ana cheti gani?

Shule zikifungwa mwezi wa Agosti, viwanja vya wadi hujaa watoto. Wanaowasimamia aghalabu ni vijana wa mtaa wanaojitolea: asubuhi yuko kwenye bodaboda, jioni ni kocha, na mpira ukipasuka hununua mwingine kwa pesa zake. Katiba ilizipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake, lakini bila vijana hawa viwanja vingi vingekuwa malisho ya ng'ombe.

Kwa hivyo vyeti vyao viulizwe kwa heshima. Lakini viulizwe. Mzazi anayejali huuliza kama kocha ana leseni, na akisikia ipo, huridhika. Leseni ya ukocha, kwa mfano ile ya daraja la D ya Shirikisho la Soka la Afrika (CAF), huonyesha kwamba mtu amefunzwa kufundisha mpira. Haichukui nafasi ya mambo mengine mawili: huduma ya kwanza na ulinzi wa mtoto.

Huduma ya kwanza hufundishwa na mashirika kama Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance. Kocha hujifunza kusimamisha damu, kufunga mkono uliovunjika, na kumfufua mtu ambaye moyo wake umesimama: kukandamiza kifua mara 30, kupuliza pumzi mara 2, kwa kasi ya mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Huwezi kujifunza hayo kwa kusoma tu. Cheti hiki kina tarehe ya kuisha, basi itazameni.

Jeraha linalodharauliwa zaidi ni la kichwa. Tuseme wavulana wawili wa miaka 13 wamegongana wakiruka kupiga mpira kwa kichwa. Mmoja anakaa chini kidogo, anamwagiwa maji, anasimama, watu wanapiga makofi na mchezo unaendelea. Dakika kumi baadaye anauliza mabao ni mangapi, anajibiwa, kisha anauliza tena. Huo ni mtikisiko wa ubongo, na si lazima mtoto azimie ndipo uwepo. Kocha aliyefunzwa humtoa uwanjani mara moja na hamrudishi siku hiyo, hata kama ni fainali na mtoto mwenyewe analia kutaka kucheza. Pigo la pili kabla ubongo haujapona linaweza kuua. Akitapika, akizidiwa na maumivu ya kichwa, akisinzia kupita kiasi au akianza kuongea kwa shida, apelekwe hospitalini bila kungoja mechi iishe. Mzazi aambiwe jioni hiyohiyo, hata kama mtoto anaonekana mzima.

Kuna mambo ya uwanja pia. Goli la mabomba au mbao ambalo halikushindiliwa ardhini laweza kumwangukia mtoto anayening'inia juu yake. Radi ikisikika, watoto waingie ndani ya jengo, si chini ya mti, na wasirudi kabla ya dakika 30 kupita tangu ngurumo ya mwisho.

Upande wa ulinzi, Sheria ya Watoto ya 2022 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto mwenye haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma. Kamati ya timu ina haki ya kumwomba kocha cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Huombwa kupitia eCitizen, kisha mwombaji hupigwa alama za vidole. Tukumbuke tu kwamba karatasi hiyo huonyesha makosa yaliyomo kwenye rekodi. Yale ambayo familia ilinyamazia hayamo.

Hapo ndipo mafunzo na kanuni za timu zinapohitajika. Kocha asikae peke yake na mtoto mmoja chumbani. Ujumbe wa simu upitie kundi la wazazi. Timu ya wasichana ikisafiri, mwanamke mzima awepo. Kanuni hizi humlinda kocha mwema pia, kwa kuwa hakuna atakayemshuku bure. FIFA ilizindua mpango wake wa FIFA Guardians mwaka wa 2019, na mwongozo wake unapatikana mtandaoni bila malipo.

Gharama ni kikwazo cha kweli. Kumtaka kijana asiyelipwa agharamie vyeti vyote si haki. Wazazi wa watoto 25 wakichanga kidogo kidogo, kocha mmoja anaweza kufunzwa, na timu jirani zikiungana zinaweza kumwalika mkufunzi mmoja kwa wote. Anzeni kwa kuuliza ofisi ya michezo ya kaunti ndogo yenu.

Mtoto akikuambia jambo linalotia shaka, msikilize bila kumkatiza, kisha piga 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto, au mwone afisa wa watoto au polisi. Ikiwa amenajisiwa, asioge, nguo zake zihifadhiwe, na afikishwe hospitalini haraka, kwani dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ni lazima zianzwe ndani ya saa 72. Wazee wa mtaa hawana mamlaka ya kusuluhisha kesi kama hiyo.